Fahamu Inapopungua: Historia ya Kichwa Kilichopigwa

Mwaka 1862, katika mji wa Luxor nchini Misri, Mmarekani aliyeitwa Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo kwa mchuuzi wa vitu vya kale. Ilipita karibu miaka sabini kabla ya msomi James Henry Breasted kuchapisha tafsiri yake, mwaka 1930, na hapo ndipo matabibu wa ulimwengu walipojua kilichokuwamo: mwongozo wa majeraha 48, yaliyopangwa kuanzia utosini na kushuka, 27 kati yake yakiwa ya kichwa. Nakala hiyo iliandikwa yapata 1600 KK, nayo ilitokana na maandishi ya kale zaidi. Kila jeraha limeelezwa kwa mtindo uleule: namna ya kumchunguza majeruhi, kisha hukumu, kisha tiba kama ipo. Hukumu ni tatu tu. Lipo jeraha ambalo tabibu atalitibu, lipo atakalopambana nalo, na lipo lisilotibika. Anayepanga majeruhi wa ajali ya basi mlangoni mwa hospitali leo, huyu aingie kwanza na yule asubiri, anafanya kazi ileile kwa maneno mengine.

Tiba za Wamisri hao si za kumtikisa mtu. Jeraha liliwekewa nyama mbichi siku ya kwanza, kisha mafuta na asali. Na kwa paji la uso lililopondeka kuna dawa ya yai la mbuni pamoja na maneno ya kunuiza, mahali pekee katika majeraha yote 48 ambapo uchawi umepewa nafasi. Kinachoshangaza ni uchunguzi. Mwandishi anaeleza ubongo uliofunuliwa, mikunjo yake ikifanana na mawimbi ya shaba iliyoyeyushwa, ukidunda chini ya vidole kama utosi wa mtoto mchanga. Penginepo anaeleza fuvu lililovunjika chini ya ngozi isiyo na mchubuko wowote, na anamwagiza tabibu atazame jicho lililopinda na mguu unaoburutwa. Yaani miaka zaidi ya 3,500 iliyopita mtu alikwisha kung'amua kwamba pigo la kichwani huweza kusomwa mguuni. Na kwa baadhi ya majeruhi mwongozo hautaji kisu wala dawa: mgonjwa aketishwe, atulizwe mahali pamoja kama chombo kilichofungwa gatini, tabibu asubiri mpaka kipindi cha hatari kipite au hali ijionyeshe.

Ukiifuata historia hii kuanzia hapo hadi wodi za leo, jambo moja hujirudia. Mara nyingi hatua ya kweli ilipigwa pale tabibu alipoacha kuukodolea macho mfupa akaanza kumtazama mwenye mfupa: anasema nini, anasogeza nini, na je, saa hii yuko kama alivyokuwa saa iliyopita? Na mara nyingi tiba ilipopotea njia, ni kwa sababu mtu mwenye chombo kizuri mkononi aliona ufa akaridhika kwamba ameuona ugonjwa. Sisemi kwamba vifaa havina kazi. Nasema vina zamu yao, na zamu hiyo ni ya pili. Msimamo huu una wapinzani wenye hoja nzito, nami nitawafikia, lakini kwanza tuwape mafundi wa mfupa haki yao.

Kitabu cha majeraha ya kichwa kinachohesabiwa miongoni mwa maandishi ya Mgiriki Hippocrates kinajua mengi. Kinajua kwamba aliyeumia upande wa kushoto aweza kupata mtukutiko upande wa kulia. Hata hivyo moyo wake uko kwenye mfupa. Kinatenganisha ufa, mchubuko, mbonyeo na alama iliyoachwa na silaha, kisha kinaagiza fuvu litobolewe hata pale lilipochubuka tu au kupata ufa, tena ndani ya siku tatu za mwanzo. Kwa karne nyingi Ulaya ilitoboa kwa kufuata mwongozo huo. Mwaka 1867 daktari Mfaransa Paul Broca aliwaonyesha wenzake jijini Paris fuvu la kale kutoka Peru, lililopatikana na Mmarekani E. G. Squier, lenye tundu la pembe nne lililokatwa mwenyewe akiwa hai. Wengi hawakutaka kuamini, maana katika hospitali zao wenyewe waliotobolewa fuvu walikuwa wakifa ovyo kwa maambukizi. Mafuvu ya Peru yaliyokusanywa tangu hapo yana kingo za mfupa zilizopona na kulainika, ushahidi kwamba wengi waliishi miaka mingi baada ya kukatwa.

Afrika Mashariki ina mafundi wake. Katika vilima vya Kisii, magharibi mwa Kenya, kazi ya ababari, yaani mafundi wa Kigusii wa kupasua kichwa, iliendelea hadi ndani ya karne ya 20, na madaktari wa kisasa wakapata kuishuhudia na kuiandika; mmojawapo ni Edward Margetts, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Mgonjwa wa kawaida alikuwa mtu aliyewahi kupigwa au kuanguka, na kichwa kikaendelea kumuuma muda mrefu baadaye. Fundi alipasua ngozi ya kichwa, akaifunua, kisha akaukwangua mfupa kidogo kidogo, mgonjwa akiwa macho, akijihadhari sana asiutoboe utando unaoufunika ubongo. Wako wanaouita upasuaji huo ushenzi, na wako wanaoutaja kwa fahari kana kwamba unafuta mjadala, na wote hawautendei haki. Hadhari ile juu ya utando ndiyo iliyowaokoa wagonjwa wengi, na ni hadhari ya mtu anayejua kazi yake. Lakini aliyekuja na maumivu ya miezi alikuwa amekwisha kuvuka zile saa za kuua. Kumtibu huyo ni kazi moja, na kumtambua anayekufa usiku huu ni nyingine. Isitoshe, tunajua leo kwamba kichwa huweza kuuma kwa miezi baada ya pigo ilhali mfupa ni mzima kabisa. Kwa hiyo kwa fundi wa Kisii kama kwa Mgiriki, mkono uliongozwa na mfupa.

Kilichoanza kuuvunja utawala wa mfupa ni kifo cha mtu mkubwa. Tarehe 30 Juni 1559, jijini Paris, katika sherehe za harusi za jamaa yake, Mfalme Henri II wa Ufaransa alishindana kwa mikuki juu ya farasi. Mkuki wa Gabriel de Montgomery ulivunjika, na vibanzi vikapenya kwenye kofia ya chuma na kuingia juu ya jicho la mfalme. Alihudumiwa na Ambroise Paré, fundi mkuu wa upasuaji wa zama zake, na Andreas Vesalius, bingwa wa maumbile ya mwili, akaitwa kutoka Brussels. Ili wajue vibanzi vimepita wapi, waliletewa vichwa vya wahalifu waliokatwa shingo ili walijaribu pigo lenyewe juu yake. Hakuna aliyekosa elimu wala zana kando ya kitanda kile. Mfalme alifariki 10 Julai. Kichwa chake kilipofunguliwa, fuvu halikuwa limevunjika. Damu ilikuwa imevia ndani, kwenye kisogo, upande mwingine kabisa na pale mkuki ulipogonga, na ubongo ulio karibu nayo ulikuwa umeharibika. Paré hakulificha jambo hilo. Aliliandika, na tangu hapo yeyote aliyesema kwamba pasipo ufa hapana hatari alikuwa na maiti ya mfalme ya kujibu.

Karne ya 18 ililigeuza tukio hilo kuwa kanuni. Jean-Louis Petit, mpasuaji wa Paris, aligundua kwamba saa ya kupoteza fahamu ina maana kuliko ukubwa wa jeraha. Aliyezimia papo hapo ametikiswa ubongo. Aliyeinuka, akaongea, akatembea, kisha akaanza kuzama baadaye, huyo ana damu inayojikusanya na kuubana ubongo. Jijini London, Percivall Pott akasisitiza kwamba dalili za hatari hutoka kwenye ubongo na tando zake, si kwenye ufa wenyewe. Mwaka 1783 Alexander Monro wa Edinburgh alieleza kwa nini jambo hili huenda kasi: fuvu la mtu mzima halitanuki, na ndani yake mna ubongo na damu vilivyojaa pomoni. Kikiongezeka kimoja, kingine sharti kipungue. Damu inayovuja polepole hupata nafasi mwanzoni kwa kuyasukuma nje maji yanayouzunguka ubongo, ndiyo maana mgonjwa huendelea kuzungumza. Nafasi hiyo ikiisha, kijiko kimoja cha damu hufanya madhara ambayo vijiko vitano vya kwanza havikuyafanya. Kisha, miaka ya 1860, Jonathan Hutchinson akaonyesha maana ya mboni ya jicho inayotanuka upande mmoja: ubongo uliosukumwa unaibana neva inayoendesha jicho hilo. Hayo yote yaligunduliwa kabla ya Röntgen kuona mionzi ya eksirei mwaka 1895. Kwa macho, vidole na saa, watu hawa waliona ndani ya fuvu lililofungwa.

Hapa inanibidi nikubali ushahidi unaonipinga. Mwaka 1917, katika hospitali za kijeshi nyuma ya mapigano ya Passchendaele katika Vita Kuu ya Kwanza, Mmarekani Harvey Cushing aliwapasua askari waliopigwa risasi na vipande vya mabomu vichwani. Ndani ya miezi mitatu vifo miongoni mwa waliotobolewa ubongo vilishuka kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya theluthi, kwa sababu alisafisha jeraha lote kwa mkupuo mmoja, akanyonya ubongo uliopondeka pamoja na vipande vya mfupa, kisha akafunga ngozi kabisa. Huo ni ushindi wa mkono na chombo, na kumtazama askari yule saa baada ya saa kusingemfaa kitu. Jeraha lililo wazi ni ugonjwa unaojionyesha wenyewe. Lakini wengi wanaogongwa na gari au kuanguka kutoka mwembeni hawana tundu la risasi. Fuvu lao limefungwa, na kinachowaua kimejificha. Cushing mwenyewe, alipokuwa kijana mjini Bern mwaka 1901, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi shinikizo ndani ya fuvu linavyopandisha presha ya damu huku mapigo ya moyo yakienda taratibu, yaani jambo jingine la kupimwa na kupimwa tena.

Tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumba yake huko Dorset, Uingereza, T. E. Lawrence, yule aliyepata umaarufu Uarabuni wakati wa vita hivyo hivyo, alikuwa juu ya pikipiki akawakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akarushwa. Hakurudiwa na fahamu, akafa siku ya sita. Miongoni mwa madaktari walioitwa ni Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Hakuwa na cha kumfanyia. Alichofanya baadaye ndicho cha kukumbukwa: alihesabu. Katika makala yake ya mwaka 1941 alionyesha kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani Uingereza, na kwamba majeruhi wachache aliowapata waliokuwa wamevaa kofia ngumu walikuwa wameumia kidogo kuliko ambavyo ajali zao zingetarajiwa kuwaumiza. Mwaka huohuo jeshi liliamuru madereva wake wa pikipiki wavae kofia. Huko Oxford alikofanya kazi, mwanafizikia A. H. S. Holbourn alikuwa akijaza jelatini katika umbo la fuvu na kulizungusha, na mwaka 1943 akaeleza kwamba kinachouchana ubongo zaidi ni kichwa kuzungushwa ghafla. Mfupa unaweza kubaki mzima. Raia wa Uingereza hawakulazimishwa na sheria kuvaa kofia hadi 1973, miaka 21 baada ya Cairns kufa. Serikali huchelewa popote.

Lakini kwa yule aliyekwisha kuumia, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari hawakuwa na lugha moja ya kumweleza. Mmoja aliandika kwamba mgonjwa amezubaa, mwingine kwamba ana nusu fahamu, wa tatu kwamba anaamshika kwa shida, na hakuna aliyejua kama wote watatu wanamwona mtu yuleyule. Mgonjwa alipopokezwa zamu kwa zamu, hali yake ilipotea katikati ya maneno. Tarehe 13 Julai 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walichapisha katika jarida la The Lancet kipimo kisichohitaji chombo chochote. Tazama macho, sikiliza maneno, angalia viungo vinavyosogea. Macho yana alama 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, na viungo 1 hadi 6 baada ya daraja moja kuongezwa baadaye, hivyo jumla kamili ikawa 15. Chini kabisa ni 3, ambayo, kama wanavyotaniana wauguzi, hata maiti hawezi kuikosa. Wasomi hao walijaribu kwanza kama watu tofauti wangemtazama mgonjwa mmoja na kutoa alama zinazolingana, na ndiyo sababu kipimo kikaenea.

Namna kinavyofanya kazi ni bora ionekane kuliko isimuliwe. Tuseme kijana ameletwa jioni baada ya kuanguka na bodaboda. Ana uvimbe juu ya sikio, na picha ya eksirei haikuonyesha mengi. Saa nane usiku muuguzi anafika kitandani. Kwanza anasimama bila kusema neno: macho yamefumba. Anamwita jina, yanafumbuka. "Hapa ni wapi?" "Hospitali." "Mwezi gani huu?" Anautaja sawasawa. "Ninyooshee vidole viwili." Ananyoosha. Muuguzi anaandika 3, 5 na 6, jumla 14, anamulika tochi, mboni zote mbili zinasinyaa sawa. Saa tisa macho yanafumbuka akiitwa, amri anazifuata, lakini akiulizwa yuko wapi anasema yuko sokoni: 13. Saa kumi hafumbui macho mpaka abinywe msuli wa bega. Anatamka maneno mawili matatu yasiyohusiana na swali, na mkono wake unapapasa kuelekea anapobinywa bila kufuata amri yoyote. Alama ni 2, 3 na 5. Kutoka 14 hadi 10 kwa saa mbili. Uvimbe juu ya sikio ni uleule wa jioni, mfupa ni uleule, na aliyekuwa amelala tu, kama ndugu zake walivyodhani, anakufa. Kushuka kwa alama mbili kulitosha kumwamsha daktari. Nne ni za kumkimbiza chumba cha upasuaji.

Pingamizi la kwanza na kubwa ni kwamba haya yote yamepitwa na wakati. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley kusini mwa London, mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield ilimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo vipande vipande. Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Tangu hapo damu inaonekana waziwazi, pande zote, na haihitaji kukisiwa kwa mboni. Nani basi ataketi usiku kucha akiuliza mtu mwezi gani huu? Sitaibeza mashine hiyo, CT skani. Imeokoa watu wengi, na mwenye nayo asiyeitumia anakosea. Lakini picha ni ya dakika moja. Aliyepigwa saa moja jioni akaonekana safi, aweza kuvuja saa saba usiku, na hakuna anayelazwa ndani ya mashine hadi asubuhi. Mwaka 1975 kundi la Glasgow liliwachunguza majeruhi waliokufa ilhali baada ya ajali waliweza kuzungumza. Mtu aliyezungumza alikuwa na ubongo wenye uwezo wa kuishi, na wengi wao waliuawa na damu au uvimbe uliokuja baadaye. Walihitaji mtu wa kuona badiliko, kisha mashine, kwa mpangilio huo.

Kuna ushahidi mwingine ambao wapenda vifaa huusahau. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bolivia na Ecuador kwa majeruhi mahututi 324. Nusu walitibiwa kwa kufuata kipima-shinikizo kilichopachikwa ndani ya ubongo, nusu kwa kufuata picha na uchunguzi wa mgonjwa uliorudiwarudiwa kwa utaratibu. Waliopachikwa chombo hawakufanya vizuri kuliko wengine. Sharti tuusome kwa uangalifu: wote walikuwa katika vyumba vya mahututi na wote walipigwa picha, kwa hiyo hauhalalishi hospitali kukaa bila vifaa. Unachoonyesha ni kwamba jicho lenye utaratibu halikuwa mbadala wa kimaskini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo linatoka upande wa pili. Kama kutazama kunatosha, mbona madaktari walitazama kwa miongo mingi wakakosea? Ni kweli. Kwa zaidi ya miaka 30 majeruhi wa kichwa walichomwa steroidi ili kupunguza uvimbe wa ubongo, na madaktari wazoefu waliapa kwamba wameona wagonjwa wakipata nafuu. Jaribio lililoitwa CRASH lilipowakusanya majeruhi 10,008 katika nchi 49, majibu yaliyotoka mwaka 2004 yalikuwa ya kutisha: ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21 ya waliopewa steroidi, dhidi ya asilimia 18 ya wasiopewa. Dawa iliyoaminiwa ilikuwa ikiua. Jicho la kitandani linajua kama huyu anashuka. Haliwezi kujua kama dawa fulani inamshusha, kwa sababu halimwoni yule pacha wake asiyepewa. Kwa swali hilo hakuna njia ila kuhesabu kama Cairns, na kwa idadi kubwa kuliko yake.

Pia kipimo chenyewe cha Glasgow kina mahali kisipoona. Mtoto mdogo asiyejua kusema anahitaji jedwali lake. Aliyekunywa pombe hupata alama za chini kwa sababu mbili zinazofanana, na hapa makosa ni mengi: harufu ya gongo inatosha kumfanya mtu aachwe kwenye benchi la mapokezi alale usingizi wa ulevi, wakati mlevi ndiye anayeanguka zaidi. Kanuni salama ni kuihesabu fahamu iliyopungua kuwa ya pigo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa upande wa juu, 15 kamili haimaanishi mzima. Tangu 1928 daktari Harrison Martland wa New Jersey alikuwa ameandika juu ya mabondia waliopepesuka na kusahau kutokana na ngumi za miaka. Mwaka 2002 huko Pittsburgh, Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, alichunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, akakuta uharibifu ambao ligi ya mchezo huo iliukana kwa miaka. Mapigo ya namna hiyo huweza kumwacha mtu na alama zote 15. Kwa hiyo utaratibu wa sasa michezoni, kwamba mchezaji aliyetikiswa atolewe na asirudi siku hiyo hata akidai yuko sawa, unategemea mambo ambayo Glasgow haikuyapima: kumbukumbu, mizani ya mwili, wepesi wa kufikiri.

Halafu kuna walio na haki ya kuuliza: muuguzi ameona alama zimeshuka saa kumi usiku, sasa afanye nini kama mpasuaji wa ubongo yuko umbali wa siku nzima ya barabara? Utafiti wa Marekani wa mwaka 1981 ulionyesha kwamba waliokuwa na damu kubwa chini ya utando wa ubongo walikufa asilimia 30 walipopasuliwa ndani ya saa nne, na asilimia 90 baada ya hapo. Kutazama bila kisu ni kushuhudia tu. Jibu moja lilitolewa katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ambako mpasuaji wa ubongo Dilantha Ellegala alifika kutoka Marekani mwaka 2006. Badala ya kupasua kila siku kisha kuondoka, alimfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi, kufungua fuvu. Waliolalamika kwamba hiyo ni tiba ya daraja la pili hawakueleza daraja la kwanza liko wapi kwa mtu wa Haydom. Kwa kuondoa bonge la damu lililo juu ya ubongo, mkono uliofundishwa na ulio karibu ni bora kuliko bingwa wa Dar es Salaam atakayempokea maiti.

Mwaka 2019 kundi lilelile la CRASH lilitoa matokeo ya majeruhi 12,737, takriban nusu yao wakiwa wamepewa asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Kwa ujumla tofauti haikuwa ya kuapia. Lakini kwa wenye majeraha mepesi na ya kati waliotibiwa ndani ya saa tatu, vifo vilivyotokana na jeraha la kichwa vilikuwa asilimia 5.8 dhidi ya 7.5. Waliokwisha kuzama hawakunufaika kwa namna iliyo wazi. Yaani dawa inamfaa zaidi yule ambaye bado anaongea, na kwa dereva wa bodaboda saa tatu hizo kwa kawaida huanza mikononi mwa madereva wenzake wa kijiweni, wala si kwa muuguzi. Wao ndio wanaoweza kuona kwamba aliyeketi ukingoni mwa barabara akisema hana neno ameuliza swali lilelile mara ya tatu, ametapika tena, anasinzia mchana kweupe, au mkono mmoja umelegea. Wakimfikisha hospitali, wataje alianguka saa ngapi na alianza kubadilika saa ngapi, maana hayo ndiyo maswali mawili ya kwanza watakayoulizwa mapokezi.